Shajara ya mradi: karatasi za njia za Mlima Kenya kwa Kiswahili

8 Januari 2024: Tunachotengeneza

Kila njia inapata karatasi moja, upande wa mbele ramani, upande wa nyuma maelezo ya kutembea. Lugha ni Kiswahili. Zitagawiwa bure, na mafaili yote yataachwa wazi ili mtu wa Elgon, Udzungwa au Mlima Meru wa Tanzania ayachukue na kuandika ya mlima wake. Shajara hii tunaiandika kwa ajili ya mtu huyo.

Tumeanza na njia tatu zinazotumiwa zaidi katika Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya: Sirimon upande wa Nanyuki, Naro Moru upande wa magharibi, na Chogoria upande wa mashariki. Zote zinafika Point Lenana, mita 4,985, kilele ambacho mtu mwenye mavazi mazuri na subira anafika bila kamba. Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni miamba ya wapandaji wenye kamba na ujuzi, nazo karatasi zetu hazitazigusa.

Kikosi: mimi, mwalimu wa jiografia anayejua programu za ramani, na waongozaji wawili, mmoja mzee wa upande wa Chogoria na mwingine kijana wa Nanyuki. Wapagazi tunawaajiri kila tunapopanda.

Gharama za kuanzia: betri mbili za akiba KSh 7,000, kifaa cha GPS cha mkononi kilichotumika KSh 18,000, daftari zisizoingia maji KSh 1,200. Simu tulikuwa nazo. Ada za mbuga hatuziandiki humu wala kwenye karatasi, kwa sababu zinabadilika na karatasi yenye bei ya mwaka juzi inampotosha msomaji. Tunaandika tu kwamba malipo yanafanyika kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na kwamba getini hawapokei pesa taslimu. Lipia kabla hujaondoka mjini, mtandao ukiwa bado mzuri.

29 Januari 2024: Sirimon, na kilomita zisizokuwepo

Sirimon tuliichagua iwe ya kwanza kwa kuwa ndiyo rahisi kupima. Upande huu wa mlima ni mkavu kuliko mashariki na hauna ukanda wa mianzi, kwa hiyo anga iko wazi na GPS inaona setilaiti vizuri. Geti liko kama mita 2,650. Kutoka hapo barabara inapanda kilomita 9 hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Siku inayofuata ni kilomita 14 hivi, unavuka bonde la Liki North na kuingia Bonde la Mackinder hadi kambi ya Shipton's, mita 4,200, Batian ikiwa mbele yako mchana kutwa.

Simu ilirekodi kilomita kumi na moja na ushei kutoka geti hadi Old Moses. Simu ya pili ikasema kumi na mbili. Barabara ni ileile ya kilomita 9.

Tulipofungua mistari kwenye kompyuta, sababu ilionekana mara moja. Kila mahali tulipopumzika palikuwa na fundo la mistari. Ukiwa umekaa, GPS haikai: inakuhamisha mita tano huku, mita nane kule, kila sekunde, na programu inajumlisha miruko hiyo yote kana kwamba umetembea. Mapumziko ya chai ya nusu saa yanaweza kukuongezea nusu kilomita. Watu wengi wanaorudi kutoka mlimani na hesabu kubwa za kilomita wamezipata kwa njia hii bila kujua.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, weka programu irekodi nukta mpya pale tu unapokuwa umesogea mita kumi au zaidi, isirekodi kila sekunde. Pili, ukisimama, simamisha rekodi. Sehemu ya pili inasahaulika, kwa hiyo mafundo yaliyobaki tunayafuta kwa mkono nyumbani. Baada ya marekebisho hayo simu zote mbili na kifaa cha GPS vilikubaliana kwa tofauti ya mita mia mbili hivi, na hiyo inatosha.

Betri: simu iliyoachwa mfukoni mwa begi ilizima juu ya Liki North ikiwa bado inaonyesha asilimia 40. Baridi inapunguza nguvu za betri za lithiamu, na simu inayotafuta mtandao usiokuwepo inajimaliza yenyewe. Iweke kwenye hali ya ndege (GPS bado inafanya kazi), uivae ndani ya koti, na usiku ilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Ile iliyotunzwa hivyo ilirudi getini ingali hai.

19 Februari 2024: Mwinuko unaopanda usiku

Tuliwasha kipimo cha hewa cha simu jioni pale Shipton's, tukakiweka mita 4,200. Asubuhi kabla ya alfajiri kilisema tuko juu zaidi kwa mita zaidi ya kumi, na hakuna aliyetoka kibandani.

Kipimo hicho kinageuza kanieneo ya hewa kuwa mwinuko. Huku kwenye ikweta kanieneo inapanda na kushuka mara mbili kila siku hata kukiwa hakuna mvua: inafika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, inashuka karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Ikishuka, kifaa kinadhani umepanda. Saa kumi alfajiri ndiyo saa watu wako njiani kuelekea Lenana, kwa hiyo kosa linaangukia palepale unapotaka usahihi. Sasa tunakisahihisha kila tunapofika mahali penye mwinuko unaojulikana, na hatubebi namba ya jana kuingia nayo leo.

GPS nayo ina shida yake. Baadhi ya programu zinatoa mwinuko kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, siyo kutoka usawa wa bahari, na kwa Afrika Mashariki tofauti hiyo ni mita kumi na kitu kwa upande wa chini. Ukisimama Lenana na simu ikasema 4,970, usidhani mlima umefupika. Tafuta kwenye mipangilio kama programu inasahihisha usawa wa bahari. Tuliyoitumia kwanza haikuwa na chaguo hilo, tukaiacha.

Gharama za safari hii: matatu Nairobi hadi Nanyuki KSh 700 kwa mtu, gari hadi getini KSh 4,000, mwongozaji KSh 3,000 kwa siku, mpagazi KSh 2,000 kwa siku. Anayetaka kuiga mradi huu asianzie kubana fedha kwenye malipo ya watu. Wapagazi ndio waliotuonyesha maji yalipo, na bila wao upande wa nyuma wa karatasi ungekuwa mtupu.

11 Machi 2024: Chogoria, na vijito vya karatasini

Hii ndiyo njia nzuri kuliko zote, na nasema hivyo nikiwa nimezipanda zote tatu. Ukitoka geti la mbuga unapita nyika ya juu, Ziwa Ellis likiwa pembeni, kisha unafuata ukingo wa Bonde la Gorges. Chini yako kuna Ziwa Michaelson, na ukuta wa mwamba uitwao The Temple unashuka mita 300 hivi hadi karibu na maji yake. Ukifika Hall Tarns, viziwa vimetandazwa juu ya jabali tambarare.

Kazi ngumu ilikuwa chini. Kutoka mji wa Chogoria hadi geti la juu ni zaidi ya kilomita 25 za barabara ya msituni, na sehemu kubwa ni mianzi. Upande huu unapokea mvua nyingi, mianzi imefungamana juu ya barabara, na ishara za setilaiti zinafika zikiwa zimedunda kwenye majani mabichi na mashina. Mstari wetu ulizunguka kama mlevi, mara nyingine mita arobaini nje ya barabara tuliyokuwa tunaikanyaga. Kurekodi mara moja hakutoshi hapo. Tulirekodi kwa vifaa vitatu kwenda na kurudi, tukachora mstari wa katikati, kisha tukaulinganisha na picha za setilaiti kila palipokuwa na uwazi wa kuona barabara. Sehemu ambazo picha hazionyeshi kitu tumezichora kwa mstari wa vitone, na ufunguo wa ramani unasema hivyo.

Lakini lililoturudisha nyuma zaidi ni maji. Tuliandika kila kijito tulichovuka, tukajivunia orodha ndefu. Mzee aliitazama daftari jioni, akauliza, "Hivi vyote mnataka kumwandikia mtu kwamba ni maji?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, tumeviona kwa macho.

"Mwanangu, mvua imenyesha juzi. Njoo mwaka mkavu, nusu ya hivi ni mawe."

Tukakaa naye tukapitia nukta moja moja. Karatasi sasa ina alama tatu: tone lililojaa kwa maji ya mwaka mzima, tone tupu kwa maji ya msimu, na tone lenye mkato kwa mahali ambapo ramani za zamani zinaonyesha kijito lakini wenyeji wanasema usitegemee. Alama ya kwanza inatolewa ikiwa watu wawili wanaoijua njia wamekubaliana, na mmoja wetu ameyaona maji hayo mwishoni mwa kiangazi. Kwa sharti hilo orodha yetu ya Chogoria ilipungua karibu nusu. Sijutii hata nukta moja tuliyoifuta, kwa sababu mtu atakayepanga siku yake kwa kufuata tone lililojaa anastahili kukuta maji.

Kuhusu kuchemsha: kwenye mita 4,200 maji yanachemka karibu nyuzi 86. Yanaua vijidudu vya tumbo, ila maharagwe hayaivi. Tumeliandika hilo kwenye karatasi kwa sababu tulikuta kikundi cha vijana kimebeba maharagwe makavu.

6 Mei 2024: Masika, kazi ya mezani, na mita 300

Mvua ya masika imefunga mambo. Tumekaa kwenye kompyuta kuunganisha rekodi zetu na ramani za zamani za serikali, ambazo zina mistari ya mwinuko mizuri ajabu na majina ambayo hayapo kwingine.

Nukta tulizonakili kutoka ramani hizo zilipoingizwa, kibanda cha Austrian Hut kikaruka na kukaa juu ya mteremko wa Lenana. Mackinder's Camp ikapanda ubavu wa bonde. Kwanza tulidhani mchapaji wa zamani alikosea, ila makosa ya mkono hayana mpangilio, na haya yalikuwa na mpangilio kamili: kila kitu kimesogea karibu mita 300 kuelekea kaskazini na chini ya mita mia kuelekea magharibi.

Mwalimu ndiye aliyelitambua. Ramani hizo zimejengwa juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS84. Namba za latitudo zinafanana kwa sura, lakini zinahesabiwa kutoka umbo tofauti la dunia. Programu ya ramani ya QGIS ni ya bure na inageuza kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, mradi uiambie tangu mwanzo kwamba data yako ni ya Arc 1960. Ukikaa kimya, inadhani ni WGS84 na kukuwekea nukta mahali pasipo sahihi bila onyo lolote. Ukungu ukishuka juu ya Bonde la Teleki, mita 300 ni tofauti ya njia na jabali. Mtu wa Kenya, Tanzania au Uganda anayetumia ramani za zamani atakutana na jambo hili, basi asome mfumo ulioandikwa pembeni mwa ramani kabla ya kunakili chochote.

Jambo la pili kwenye ramani hizo ni barafuto. Zinaonyesha barafu pana mahali ambapo leo ni mawe na changarawe. Barafuto ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na sasa imekatika vipande. Ile ya Gregory haipo tena. Tumechora mabaki kwa mstari mwembamba wenye mwaka wa picha tuliyotumia, na anayechapisha upya lazima aangalie picha mpya. Nilikaa muda mrefu mbele ya rangi ile ya buluu kabla ya kuifuta.

15 Julai 2024: Naro Moru, na hesabu ya saa

Naro Moru ni fupi, na ufupi wake ndio hatari yake. Unalala kambi ya Met Station, mita 3,050, kesho yake unapita kinamasi cha mteremko ambacho kila mtu anakiita Vertical Bog, unaingia Bonde la Teleki katikati ya lobelia na zile senesio kubwa kama minara, na jioni unalala Mackinder's Camp, mita 4,200. Umepanda zaidi ya mita 1,100 kati ya usiku mmoja na mwingine.

Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukipita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa usiku. Hata Sirimon inauvunja: kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900. Ndiyo maana tumebadilisha kichwa cha kila karatasi. Tuliyochapa ya majaribio ilianza na kilomita kwa herufi kubwa. Sasa kinachoanza ni mwinuko wa kila usiku, kwa mchoro wa ngazi, na pale ngazi inaporuka zaidi ya mita 500 kuna alama nyekundu na pendekezo: kwa Sirimon, lala kibanda cha Liki North, karibu mita 4,000, kwa Naro Moru, ongeza usiku Met Station na upande kidogo mchana kisha urudi kulala chini. Kilomita zimehamia kona ya chini.

Kanuni ya saa nayo imeanguka. Tulianza na kanuni ya Naismith ya 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hadi mita 3,500 hivi inafanya kazi vizuri. Lakini kutoka Shipton's hadi Lenana ni kilomita tatu au nne na mita 785 za kupanda, na kanuni inakupa saa mbili. Watu tuliowauliza, na sisi wenyewe, tulitumia kati ya saa tatu na tano. Changarawe inateleza, ni usiku, na kwenye mita 5,000 kanieneo ya hewa ni karibu nusu tu ya ile ya Mombasa. Kwa hiyo juu ya mita 4,000 hatutumii kanuni yoyote. Tunaandika muda wa wenye kasi na muda wa wanaokwenda pole, kama ulivyorekodiwa, na saa ya kugeuka hata kama hujafika kileleni.

Chini kabisa, kwa herufi nene: kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, usipande zaidi, ukitembea ukiyumba au kukosa pumzi ukiwa umekaa, shuka usiku huohuo, usingoje asubuhi. Mistari hiyo ndiyo tuliyobishana juu yake kidogo kuliko yote.

2 Septemba 2024: Uchapishaji

Karatasi za kwanza zilichapwa kwa wino wa kawaida, KSh 100 moja. Manyunyu ya Met Station yaliziyeyusha. Za pili tulizifunika kwa plastiki, KSh 150 moja. Maji hayakuingia, lakini ukizikunja zinapasuka kwenye mkunjo, na mtu habebi ubao mgumu mfukoni. Za tatu ni karatasi ya sintetiki yenye wino wa leza, KSh 320 moja tukichapa mia. Zimekunjwa, zimekaliwa, zimelowa, na bado zinasomeka. Tumebaki nazo, na faili la kawaida lipo kwa anayetaka kujichapishia na kuiweka ndani ya mfuko wa nailoni.

Badiliko jingine limetoka kwa wapagazi: herufi zilikuwa ndogo mno kusomeka kwa tochi ya kichwani, na mwanga mwekundu wa baadhi ya tochi unafuta kabisa mistari myekundu. Herufi zimeongezwa, na alama zote nyekundu sasa zina pia umbo lake, pembetatu, ili zionekane katika mwanga wowote.

Njia za mkato tulizoziona juu ya Teleki hatukuzichora. Udongo wa huko ni wa majimaji na mimea inakua polepole mno. Mstari ukishakuwa kwenye ramani, watu mia wataufuata.

20 Januari 2025: Ilipofikia

Karatasi tatu zimekamilika na zinagawiwa Nanyuki, Naro Moru na Chogoria. Kila moja ina tarehe ya ukaguzi, na maji yatakaguliwa tena mwishoni mwa Februari, mlima ukiwa mkavu. Sheria ya kutoingia peke yako tumeisogeza juu, kwa sababu wengi waliotuuliza walikuwa wanapanga kwenda peke yao.

Hatua inayofuata ni mzunguko wa vilele, ule unaozunguka Batian na Nelion kupitia mapito ya juu kati ya vilele yaitwayo Hausburg Col na Simba Col. Umeshapimwa upande wa kaskazini. Wa kusini umebaki, kwa kuwa theluji ilifunika njia tulipofika, na mstari uliopimwa juu ya theluji hauonyeshi mahali mguu unapokanyaga kukiwa kukavu. Mlima huu uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua linahama: Julai hadi Septemba linakausha nyuso za kaskazini, Januari na Februari linageukia kusini. Tunapanda upande wa kusini wiki ijayo, na mzee amekubali kuja.